Je, Kuna Kabila Linalonuka?

Akina mama wenzetu, ni mara ngapi tumesikia jikoni, kisimani au ndani ya basi mtu akisema, "Watu wa kabila lile wana harufu yao"? Husemwa kwa utani, lakini maneno hayo hufika mbali. Msichana wa kazi hutengewa kikombe chake. Mkwe aliyetoka kabila lingine hukunjiwa pua. Mtoto shuleni hukosa wa kukaa naye dawati moja. Sisi wauguzi, ambao huwaogesha wagonjwa wa kila kabila, tunaona inafaa tulizungumze jambo hili wazi.

Kwanza tujue harufu inatoka wapi. Jasho linapotoka tu mwilini karibu halina harufu. Ngozi ina tezi za jasho za aina mbili. Za kwanza zimeenea mwili mzima, nazo hutoa maji na chumvi ili kuupoza mwili. Za pili ziko hasa kwapani na sehemu za siri, na huanza kazi mtoto anapobalehe. Jasho lake ni zito. Bakteria wa kwenye ngozi hulivunjavunja, na hapo ndipo kikwapa kinapozaliwa. Ndiyo maana mtoto mchanga hana kikwapa, awe wa kabila lolote.

Je, urithi hauhusiki? Unahusika, ila si kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2006 wataalamu wa Japani walieleza kuwa jeni iitwayo ABCC11 ndiyo huamua kama nta ya sikio itakuwa kavu au ya majimaji. Jeni hiyo hiyo hugusa kikwapa: wenye nta kavu huwa na kikwapa kidogo sana. Watu hao ni wengi Korea, Japani na China. Waafrika na Wazungu, karibu sote, tuna nta ya majimaji. Kwa habari ya kikwapa, basi, sisi na Wazungu tuko kundi moja!

Hata hivyo, katika miaka ya 1780 Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani na aliyemiliki watumwa, aliandika kwamba watu weusi wana harufu kali isiyopendeza. Mwaka 1903 Mjapani Adachi Buntaro naye aliandika makala kuhusu harufu ya Wazungu. Wajapani walikuwa hata na neno la kusema kwamba Mzungu ananuka siagi. Aliyemnyooshea mwenzake kidole, naye alinyooshewa.

Tena pua huzoea. Harufu ya nyumba yako huisikii, bali ya mgeni unaisikia mara moja. Kusini-magharibi mwa Ethiopia, Wadassanetch wafugaji huipenda harufu ya ng'ombe, na humdharau mvuvi kwamba ananuka samaki. Vitunguu saumu, viungo, moshi wa kuni, mafuta ya kujipaka na uhaba wa maji, vyote huacha harufu. Hivyo ni chakula, kazi na hali ya maisha, wala si damu ya mtu.

Basi tufanye nini nyumbani?

Tuwafundishe watoto wanaobalehe kuosha kwapa kwa sabuni kila siku, kujikausha vizuri, kubadili nguo na kuzianika juani.

Harufu ya mtu ikibadilika ghafla, au sehemu za siri zikitoa harufu ya samaki, aende zahanati. Huenda ni ugonjwa, na unatibika.

Mwenzetu akiwa na kikwapa, tumwambie faraghani kwa upole.

Na mtoto akija na neno kwamba kabila fulani linanuka, tusicheke. Tumwulize, "Ananuka nini? Moshi? Samaki? Jasho la shamba?" Atagundua mwenyewe kwamba anazungumzia kazi ya mtu na jiko la mamake. Samaki mkunje angali mbichi. Pua ya mtoto hufundishwa nyumbani, na walimu wake wa kwanza ni sisi.