Leso yasema, lakini msemaji ni nani?

Mwanafunzi wa elimu ya upashaji habari hufundishwa mapema maswali matano ya Harold Lasswell, mtaalamu wa Kimarekani aliyeyatunga mwaka 1948. Nani asema? Asema nini? Kwa njia gani? Amwambia nani? Na kwa athari gani? Ni maswali mazuri, wala sikusudii kuyabeza. Bwana huyo alikuwa amechunguza propaganda za vita, na katika vita msemaji hujulikana na alengwaye hujulikana.

Lakini natuyajaribu maswali hayo huku kwetu Mombasa. Mwanamke aenda mtaa wa Biashara kununua leso. Hutazama rangi, akatazama pindo na mji, kisha akasoma jina, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa. Jina lasema, "Hasidi hana sababu." Akanunua, akajifunga, akapita mlangoni pa jirani yake, akamwamkua kwa adabu, akaenda zake.

Haya, nani aliyesema? Mtungaji wa jina hamjui jirani yule. Mwenye duka alitaka fedha zake tu. Naye mvaaji hakufungua kinywa. Akiulizwa atajibu kwamba aliipenda rangi. Je, aliyeambiwa ni nani? Mtaa mzima umesoma, bali aliyechomwa ni mmoja. Naye hana pa kushtaki, kwani akilalamika atakuwa amekiri kuwa hasidi ndiye yeye. Labda wiki ijayo naye atapita na leso ya kujibu.

Washairi wetu walilijua jambo hili zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama. Fumbo likitungwa huwa halijakamilika mpaka apatikane wa kulifumbua na kulijibu. Msikilizaji kwetu si kapu la kutiliwa maneno. Yeye ni nusu ya msemo.

Wala hatuko peke yetu. Huko Nigeria, Frank Ugboajah alishika kalamu katika miaka ya 1980 kuonyesha kwamba ngoma, hadithi na soko ni vyombo vya habari vyenye kanuni zake. Mwaka 2000, James Curran na Myung-Jin Park walihariri kitabu kizima kuwahimiza wataalamu waache kuipima dunia yote kwa kipimo cha nchi chache za Magharibi.

Ninachohofia ni hiki. Kijana wetu akihitimu akiamini kwamba bango la serikali ni mawasiliano, na leso ya nyanyake ni mila tu, atarudi kijijini kuwafundisha watu wanaosemezana vizuri kuliko yeye, na hatasikia wanavyomjibu.

Walimu, endeleeni kuyaandika maswali ya Lasswell ubaoni. Lakini tundikeni na leso kando yake, muwaulize wanafunzi: msemaji ni nani?