Jina Chini ya Picha

Nilimkuta bibi yule pale pale nilipomwacha wiki tatu kabla, chini ya mkorosho wake, nje kidogo ya mji wa Newala. Amekaa juu ya gunia, miguu kainyoosha, mbele yake rundo la mabibo mekundu na ya njano yanayonukia hadi barabarani. Mkono wa kushoto unashika bibo, wa kulia unasokota korosho mpaka ibanduke. Korosho inaingia kwenye ungo, bibo linatupwa pembeni kwa ajili ya wakamua uraka, pombe ya mabibo. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, halafu akauliza bila kuinua macho: "Mwanangu, hivi mimi sina jina?"

Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu. Ni picha niliyoipiga mimi. Ilikuwa imetoka kwenye gazeti moja la Dar es Salaam, na chini yake yaliandikwa maneno matano: "Mkulima wa korosho mkoani Mtwara."

Kosa hilo lilikuwa langu kabla halijawa la mhariri. Siku ile nilipiga picha zaidi ya 40 ndani ya robo saa, nikasema asante bibi, nikapanda bodaboda. Jina sikuuliza.

Natuma habari kutoka Masasi na Newala kwa redio na magazeti, nalipwa kwa habari moja moja, na kamera yangu ni simu. Sina nyingine. Lakini kupiga picha nilijifunza kabla ya simu, kwa mjomba, aliyekuwa na studio ya chumba kimoja karibu na stendi ya Masasi: pazia lenye maporomoko ya maji, kigoda cha kuzunguka, koti moja na tai mbili za kuazimisha waliokuja kupiga picha za kitambulisho. Filamu ilikuwa na picha 36. Ikijaa ndipo ipelekwe mjini Mtwara kusafishwa, na mteja arudi baada ya wiki nzima kuchukua picha yake. Kwa hiyo mjomba alikuwa na daftari. Picha namba 14, jina, kijiji, amelipa nusu. Bila daftari asingejua picha ni ya nani, na mteja angeondoka na sura ya mtu mwingine.

Simu imetuondolea gharama ya filamu, ikaondoka pia na daftari. Nimelifikiria sana jambo hili tangu bibi aniulize swali lile. Tunapiga picha nyingi kuliko wakati wowote, na tunajua majina ya watu wachache kuliko mjomba.

Huku kwetu kupiga picha bila kuuliza jina kuna historia. Mwaka 1906 alipita hapa Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtaalamu wa mila na desturi kutoka Leipzig. Aliteremkia Lindi, akaja Masasi, akapanda uwanda wa juu wa Wamakonde hadi Newala, wapagazi wakimbebea kamera, mashine ya kurekodi sauti kwenye mitungi ya nta, na hata mashine ya kupiga picha zinazotembea, wakati sinema yenyewe ulimwenguni ilikuwa bado changa. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeanza mwaka mmoja tu nyuma, misheni ya Masasi ilikuwa imeshachomwa moto, na mgeni huyo alitembea na askari wenye bunduki. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908. Ukikifungua unawaona bibi zetu waziwazi: pambo la ndonya kwenye mdomo wa juu, chale usoni na kifuani, watoto migongoni. Machifu wametajwa majina. Wanawake wengi wametajwa kabila na mahali tu: Mmakua wa bonde fulani, Mmakonde wa kijiji fulani. Baada ya miaka zaidi ya 100, mimi niliyezaliwa humu humu, niliye na simu mfukoni na lugha ya bibi mdomoni, nilimfanyia mwanamke wa Newala yale yale. Wala sikuwa na haraka ya msafara.

Sasa ninalo daftari jipya, nalo ni sauti. Nikimaliza kumpiga mtu picha, nawasha kinasa sauti cha simu, namwomba aseme mwenyewe jina lake, kijiji chake, na kinachofanyika hapo. Sekunde 20 zinatosha. Faida yake kubwa ni kwamba jina linabaki na matamshi yake. Majina ya Kimakonde, Kimakua na Kiyao yameharibiwa vya kutosha na makarani.

Kuhusu kupiga picha kwenyewe, nitasema yale yanayonisaidia kila siku. Jambo la kwanza ni kufuta kioo cha kamera. Vumbi la huku ni jekundu na laini, linaganda kwenye kioo pamoja na jasho la kiganja, na picha nyingi zinazoitwa "za simu mbovu" ni za kioo kichafu tu. Upindo wa kanga iliyofuliwa unatosha.

La pili ni jua. Newala iko takribani nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, maana yake karibu na tarehe 22 Oktoba jua la adhuhuri hutupita utosini kabisa. Simama uwanjani saa sita mchana, utaona kivuli chako kimejificha chini ya miguu. Na Oktoba ndiyo korosho zenyewe, ndiyo minada, ndiyo habari! Jua la namna hiyo hutumbukiza macho ya mtu gizani na kumwekea mstari mweusi chini ya pua. Dawa yake tunayo mlangoni. Mkorosho una matawi mapana yanayoinama karibu na ardhi. Usimweke mtu katikati ya kivuli, kwani huko jua hupenya kwenye majani na kumtia madoadoa usoni. Msogeze ukingoni mwa kivuli, uso ukielekea kweupe. Kama kuna mfuko mweupe mtupu wa salfa, dawa ya mikorosho, usiutumie kurudisha mwanga, una unga unaowasha macho. Tandaza kanga nyeupe au karatasi mbele ya miguu yake, mwanga utapanda taratibu hadi kidevuni.

Halafu kuna rangi za ngozi zetu. Simu hujitahidi kuifanya kila picha iwe na mwanga wa wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe, simu inaitazama anga, na yeye anageuka kivuli. Ukimsogelea hadi uso ujaze kioo, simu inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na bibi mwenye ngozi nzuri inayong'aa anatoka na rangi ya majivu. Hili si geni: kampuni ya Kodak kwa miaka mingi ilirekebisha rangi za filamu zake kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kwenye simu tiba iko kidoleni. Gusa uso kwenye kioo na ushikilie mpaka kimraba kitulie, kisha telezesha kidole juu au chini hadi ngozi ifanane na ile unayoiona kwa macho yako. Mtazame mtu, usitazame simu peke yake.

Sauti ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi. Ukisimama Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na kukuonyesha bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo, upepo hukupiga usoni, na kwenye video unasikika kama lori linalopanda mlima. Nimepoteza mahojiano mazuri kwa ajili yake. Siku hizi naupa upepo mgongo, naazima simu ya pili, hata iwe ya zamani, naiweka kwenye mfuko wa shati la anayezungumza ikiwa imewashwa kurekodi. Kitambaa cha shati kinazuia upepo. Nyumbani naunganisha sauti ile na video.

Kwa nini nang'ang'ania haya madogo? Kwa sababu ya mzani.

Msimu mmoja, binamu yangu alipeleka korosho kwenye ghala la chama kimoja cha msingi. Kwetu ndivyo tunavyouza tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze msimu wa 2007/2008: unapima chamani, unapewa risiti, korosho zinakwenda ghala kuu, zinauzwa mnadani, na fedha zinakuja baadaye. Kati ya siku ya kupima na siku ya kulipwa, mkulima hana korosho wala fedha. Ana karatasi. Kwa hiyo kilichoandikwa kwenye karatasi hiyo ndicho jasho lake la mwaka, tangu kupalilia na kupulizia dawa ya ugonjwa wa ubwiriunga hadi kuokota. Risiti ya binamu ilisema kilo 64. Yeye alikuwa na hakika ni 71.

Bahati njema nilikuwapo, na nilipiga picha tatu. Ya kwanza kutoka mbali: ghala, mlango wake, foleni, na kibao kilichoandikwa jina la chama. Ya pili ya kati: binamu amesimama kando ya mzani, gunia lake lenye alama ya kamba ya buluu likiwa juu. Ya tatu ya karibu, tarakimu tu. Hiyo ya tatu ilinisumbua. Tarakimu nyekundu za mzani wa umeme huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kamera inaiona. Picha moja ilitoka na 7 bila 1, nyingine ilitoka tupu. Nikaziba jua kwa kiganja, nikapiga mara sita mfululizo. Ya tano ilitoka kamili: 71.

Tarakimu peke yake zisingemsaidia, maana mizani yote inafanana. Picha ya mbali ilisema ni wapi, ya kati ikasema ni gunia la nani, ya karibu ikasema uzito. Viongozi wa chama waliziangalia zote tatu kwa zamu, simu ikipita mkono kwa mkono, kisha karani akaandika risiti nyingine. Hapakuwa na ugomvi. Binamu alikunja ile karatasi mara nne akaitia kwenye soksi.

Ushahidi wa simu hauishii kwenye mzani. Yupo binti mmoja wa Marekani, Darnella Frazier, aliyekuwa na miaka 17 tu tarehe 25 Mei 2020, alipoona polisi wa Minneapolis amemkandamiza George Floyd shingoni kwa goti. Aliinua simu, akarekodi takribani dakika 10. Mwaka 2021 waandaaji wa tuzo za Pulitzer walimpa heshima ya pekee. Mimi nimejifunza kwake jambo moja la kazi: alisimama. Hakuzungusha simu huku na huku kutafuta la kusisimua. Wengi wetu tukiona ajali barabarani mikono inacheza, tunarekodi sekunde nane za huku, tano za kule, na mwisho hatuna kitu kinachoeleweka.

Na ushahidi unataka saa. Hapa kuna mtego ambao wenzetu wa Dodoma hawaujui. Ukiteremka bonde la Ruvuma kuelekea mtoni, simu yaweza kunasa minara ya Msumbiji, na Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu inajirekebisha yenyewe bila kukuuliza. Nilipiga picha saa 3:10 asubuhi, kumbukumbu ya simu ikaandika saa 2:10, na mhariri akaniuliza, kwa haki kabisa, niliwezaje kupiga tukio kabla halijatokea. Tangu hapo nikiteremka bondeni nazima saa ya kujirekebisha. Tena naitunza picha ya asili kwenye simu. Ile inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza kumbukumbu zake, ndiyo maana picha za kazi nazituma kama faili.

Kuna mahali ambapo simu hubaki mfukoni. Weule alipiga picha na kurekodi nyimbo kwenye unyago. Mimi, mwanamke niliyepita huko mwenyewe, sipigi. Msimu wa jando na unyago ukifika, picha za watoto wakitoka porini huzagaa kwenye makundi ya WhatsApp, zinapigwa na wajomba na shangazi kwa furaha tu, na sina shaka na mapenzi yao. Lakini mtoto yule ana miaka 10, picha itamfuata hadi sekondari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za mtoto kuwa nyeti. Na kabla ya sheria zote mbili, kungwi alishasema ya ndani yabaki ndani.

Nirudi kwa bibi. Nilimwomba radhi, nikakaa naye kwenye gunia, nikasokota korosho mpaka vidole vikanata. Baadaye nilikwenda Masasi kuichapisha picha ile kwenye karatasi ngumu, kubwa kiasi cha daftari la shule. Nilipompelekea aliifuta kwa kanga ingawa haikuwa na vumbi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Nikatoa kalamu, nikamuuliza niandike jina gani.

Akasema huku mbele niandike la kwenye kadi ya mpiga kura, hilo ndilo la serikali na la magazeti. Nikaandika. Kisha akaigeuza picha, akanisogelea, akanitajia jina jingine, alilopewa alipotoka unyagoni, na waliokuwa wakimwita hivyo wamebaki wawili. Nikaliandika nyuma, taratibu, akifuata mkono wangu herufi kwa herufi ijapokuwa hajui kusoma.

Nilimuuliza kama naweza kulitaja kwenye makala hii. Akatikisa kichwa, akaiweka picha chini ya mkeka, akavuta ungo wake.