Kwa Nini Ndege Huwahi Alfajiri

Uwanja wa ndege wa Isiolo umekalia mpaka wa kaunti mbili, Isiolo na Meru. Rais Uhuru Kenyatta aliufungua mwaka 2017 baada ya kujengwa upya, ukiwa na jengo lililokusudiwa kupokea abiria 125,000 kwa mwaka. Hotuba nyingi zilihusu jengo hilo. Mimi nitazungumzia njia ya kurukia, yenye urefu wa kilomita 1.4, maana hiyo ndiyo inayoamua ndege gani itue hapo, ibebe uzito gani na iondoke saa ngapi.

Wasafiri wa Meru huuliza swali moja kila ninapotaja ndege: mbona ndege za bei nafuu huondoka watu wakiwa bado usingizini? Wengi wameshakata shauri kwamba ni adhabu ya aliyelipa kidogo. Sivyo. Biashara ina sehemu yake, na nitaifikia, lakini katika viwanja vidogo vya nyanda zetu za juu hewa yenyewe huwa na usemi kabla ya meneja yeyote.

Ndege hunyanyuliwa na hewa inayopita kwenye mabawa. Hewa ikiwa nzito, mabawa hupata cha kushika, rafadha huvuta vizuri na injini hupumua vyema. Vitu viwili huipunguzia hewa uzito: mwinuko na joto. Isiolo ina vyote viwili. Uwanja uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na adhuhuri jua la pale halina mchezo.

Marubani wana hesabu yao. Kwa mwinuko huo, vipimo vya kawaida vya urubani vinatarajia joto la nyuzi 8 hivi. Kila nyuzi moja inayozidi hapo, ndege huhisi kana kwamba uwanja umepandishwa mita 36 au 37. Asubuhi yenye nyuzi 18, ndege ya Isiolo hujiona iko kwenye uwanja wa mita 1,430 hivi. Saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 30, ndege ile ile juu ya lami ile ile hujiona iko karibu mita 1,870. Uwanja haujasogea hata kidogo, ila kwa ndege ni kama umebebwa ukapandishwa mlimani mita 440.

Sasa chukua ndege ya Dash 8 Q400, ambayo shirika la ndege la Jambojet huitumia ikiwa na viti 78. Ikijaa uzito wake wote, inahitaji takriban mita 1,400 kuruka, na hapo ni kwenye usawa wa bahari, hewa ikiwa ya kiasi. Urefu huo ndio urefu wote wa njia ya Isiolo. Kwa hiyo ndege ya ukubwa huo ikija Isiolo itabidi ipunguziwe mzigo, na ikiondoka mchana itapunguziwa zaidi. Kupunguza mzigo maana yake ni kuacha viti vitupu, au kuacha mafuta, au kuacha mizigo ya watu. Kiti kitupu hulipiwa na waliokalia viti vingine, na hapo ndipo nauli hupanda. Ndege ndogo zaidi huruka bila shida hiyo, lakini gharama za rubani, mafuta na matengenezo hugawanywa kwa vichwa vichache, basi unafuu hupotea kwa mlango mwingine.

Biashara nayo haiko mbali. Ndege hupata pesa ikiwa angani tu. Ikilala chini, mkopo wake bado unalipwa. Shirika la bei nafuu hutaka ndege moja ifanye safari nyingi iwezekanavyo kabla ya giza, na njia moja ni kuianza siku mapema. Abiria wa safari ya kwanza hunufaika: ndege imelala pale pale, haijachelewa mahali pengine popote. Mimi ningemshauri mtu yeyote anayewahi mazishi, mtihani au mkutano wa kazi achukue hiyo ya kwanza.

Na mlima una ratiba yake. Kirinyaga, wenye urefu wa mita 5,199, huonekana wazi kutoka Embu na Meru kunapopambazuka, kisha kabla ya saa sita mawingu yameshaufunika. Jua likipasha ardhi joto, hewa hupanda, upepo hupindapinda miteremkoni, na ndege ndogo hutikiswa sana. Alfajiri hewa imetulia. Lakini kati ya Juni na Agosti jambo hili hugeuka kwa upande wa Nairobi: mawingu mazito hulala chini asubuhi, na safari ya mapema kutoka uwanja wa Wilson inaweza kusubiri hadi anga lifunguke. Miezi hiyo, usipange kuunganisha ndege mbili kwa muda mfupi.

Kwa mtu wa Embu au Chuka, ukweli wa leo ni kwamba safari yake ya ndege huanzia kwenye matatu ya Nairobi. Safari za abiria za Isiolo zimekuwa za kuja na kupotea. Ndege ya saa kumi na mbili asubuhi jijini humlazimu asafiri usiku au alale Nairobi, na mara nyingi gharama hiyo huzidi kile alichookoa kwenye tiketi. Kabla ya kushangilia nauli ya chini, jumlisha gari, malazi na ada ya begi, kwa sababu tiketi ya bei ya chini kabisa kwa kawaida inakuruhusu begi la mkononi tu. Mtu anayempelekea binti yake wa Mombasa gunia la viazi na ndizi za nyumbani atalipia gunia hilo kwa kilo.

Mzigo unaoutesa moyo wangu zaidi, hata hivyo, ni miraa. Jani hili hupoteza nguvu yake ndani ya siku mbili hivi, ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa. Kwa miaka mingi mlango wake wa kwenda Somalia umekuwa Nairobi, na magari kutoka mji wa Maua hupita Meru, Chuka na Embu kwa kasi ambayo imeua watu wengi barabarani. Somalia ilipofunga soko Machi 2020 na kulifungua tena Julai 2022, wakulima wa miraa wa Igembe na Tigania walirudia ombi lao la zamani: miraa iondokee Isiolo, ambako ni chini ya nusu ya safari hiyo.

Ombi ni la haki, ila saa inagoma. Abiria anaweza kuambiwa afike uwanjani saa kumi na moja alfajiri, akafika. Jani halina saa hiyo. Linachumwa mapema, linachambuliwa, linafungwa, linanunuliwa, na mara nyingi gari huondoka Maua jua limeshapanda. Likifika Isiolo linakutana na hewa ile nyepesi ya mchana, wakati ndege inaweza kubeba kidogo kabisa.

Kwa makadirio ya kawaida ya urubani, kila mita 300 za mwinuko unaohisiwa na ndege huongeza takriban asilimia 10 ya umbali wa kuruka. Zile mita 440 za tofauti ya asubuhi na mchana zinadai basi karibu asilimia 15, yaani mita 200 na ushei kwenye njia ya mita 1,400. Hizo ni za kuifanya saa nane mchana ilingane na alfajiri tu. Ndege kubwa za mizigo aina ya Boeing 737 zitataka zaidi ya kilomita 2. Fedha zozote zitakazotengwa kwa uwanja huu zianzie kwenye lami, na kaunti hizi mbili zimalize kwanza mvutano wa mpaka ili wapimaji waweze kuingia na kazi ianze.