Uponyaji wa Jeraha la Ubaguzi ni Kazi ya Mwili Mzima

Jioni ya tarehe 17 Juni 2015, kijana mzungu aliingia katika Kanisa la Emanuel la African Methodist Episcopal, mjini Charleston, Marekani. Waumini weusi walimkaribisha katika somo lao la Biblia juu ya mfano wa mpanzi. Walipofumba macho kusali, aliwapiga risasi. Watu 9 wakafa. Muuaji alikuwa msharika wa Kilutheri. Tena wawili wa waliouawa, Wachungaji Clementa Pinckney na Daniel Simmons, walihitimu katika seminari ya Kilutheri. Kwa hiyo sisi Walutheri hatuwezi kulitazama jambo hili kama wapita njia.

Siku 2 baadaye, baadhi ya wafiwa walimtamkia muuaji msamaha mahakamani. Wengine walikuwa bado hawajaweza. Ulimwengu uliwasifu wa kwanza, ukawasahau wa pili. Hapo ndipo tunapokosea: twamwachia mjeruhiwa mmoja mmoja mzigo ambao ni wa wote.

Jeraha hilo ni la kale. Mwaka 1822, baada ya njama ya Denmark Vesey ya kuwakomboa watumwa kugunduliwa, jengo la usharika huo liliharibiwa. Mwaka 1834 makanisa ya weusi yalipigwa marufuku mjini humo, nao wakaabudu kwa siri hadi mwaka 1865. Waliishi kwa kushikana. Hata mwaka 2015, Jumapili iliyofuata mauaji, walifungua milango wakaabudu.

Kutokana na hayo twajifunza mambo matatu. Kwanza, kweli isemwe hadharani, kwa maana mficha maradhi kilio humfichua. Pili, maombolezo yawe ya pamoja. Nasi tuliolelewa katika desturi ya kukaa matanga twajua kwamba mfiwa hahimizwi kunyamaza, huketiwa naye. Tatu, aliyekosa atubu. Mwaka 2019 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani liliitenga tarehe 17 Juni kuwa siku ya kuwakumbuka mashahidi hao 9 na ya kutubu dhambi ya ubaguzi.

Mtume Paulo awafundisha Wakorintho kwamba maumivu ya kiungo kimoja ni maumivu ya mwili wote. Basi, mchungaji asiharakishe kumwuliza mjeruhiwa, "Je, umesamehe?" Aanze kwa kuuliza usharika wake, "Je, tumeketi naye?"