Mwili katika safari ndefu ya kurudi Ihanja

Safari ya kurudi nyumbani huanza mwili ukiwa umeshachoka. Familia ya Ihanja, wilayani Ikungi mkoani Singida, inayotoka kwenye harusi au likizo Dar es Salaam imekesha siku kadhaa, imelala kwa kubanana kwa ndugu, na usiku wa mwisho imeutumia kufunga mizigo. Mbele yake zimebaki zaidi ya kilomita 600 kupitia Morogoro, Dodoma na Manyoni, ndani ya gari aina ya Noah lililojaa watu, magunia na ndoo.

Jambo la kwanza kulitazama ni usingizi wa dereva. Kadiri mtu anavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini huongezeka katika ubongo na kumvuta alale. Juu ya hilo ipo saa ya mwili, ambayo huteremsha umakini mara mbili kwa siku: kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na tena, kwa nguvu ndogo kidogo, kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Anayeondoka Dar es Salaam saa kumi alfajiri hufika maeneo ya Bahi na Manyoni katika kipindi hicho cha alasiri, akiwa ameshakula chakula cha mchana na jua likimpiga usoni. Anayeondoka saa moja jioni hupita sehemu hizohizo katika kile kipindi kibaya zaidi cha usiku.

Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini sawa na mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Dereva aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi hutimiza saa hizo saa tano usiku. Kama aliondoka Dar es Salaam saa moja jioni, wakati huo ndiyo kwanza ameipita Morogoro.

Hatari yenyewe huja kwa usingizi wa sekunde chache, ambao mara nyingi dereva hajui kuwa umempitia. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Akisinzia sekunde nne, limesogea karibu mita 90 bila mwenyewe. Kufungua dirisha, kupandisha sauti ya redio na kutafuna karanga havisaidii kwa muda mrefu. Kahawa husaidia kwa sababu kafeini huizuia adenosini isifanye kazi, ila huchukua kama nusu saa kuanza. Ndiyo maana ushauri wenye nguvu zaidi ni kusimama mahali salama, kunywa kahawa, kisha kulala dakika 15 hadi 20 papo hapo: kafeini inaanza kazi wakati dereva anaamka. Faida kubwa ya magari yenye vitanda na jiko ambayo familia za Marekani husafiria ni kwamba dereva ana pa kulala, na faida hiyo hupatikana pia kwa kulaza kiti cha Noah. Mabasi ya Tanzania, ambayo yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, hutakiwa kuwa na madereva wawili katika safari ndefu. Gari la familia halina sharti hilo, na mara nyingi dereva ni mmoja.

Abiria naye ana shida yake, miguuni. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayosukuma damu irudi moyoni, na mtu akikaa bila kujongea damu hutuama. Kuvimba miguu yote miwili kidogo ni kawaida na hupungua baada ya kulala. Kibaya ni damu kuganda ndani ya mshipa. Mwaka 1940 daktari Keith Simpson aliripoti vifo vya aina hiyo miongoni mwa wakazi wa London waliolala wamekaa vitini katika mahandaki wakati wa mabomu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kuwa safari ya saa nne au zaidi, kwa ndege, treni, basi au gari, huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, ingawa kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo, kama mmoja kati ya 6,000. Mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyetoka kufanyiwa upasuaji na mnene kupita kiasi wako hatarini zaidi. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata ghafla, hata wiki kadhaa baada ya kufika, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Wengi hukataa maji njiani ili wasisumbue gari kusimama wachimbe dawa. Kusimama huko ndiko kunakoinyoosha miguu na kumpumzisha dereva.

Watoto wanaotapika wakae karibu na dirisha wakitazama mbali, simu ziwekwe kando: macho yanaposema mwili umetulia huku sikio la ndani likihisi mwendo, kichefuchefu hufuata.

Yapo pia yanayojitokeza baada ya mizigo kushushwa. Singida ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo. Ila wengine hurudi kutoka Geita, Kigoma, Tabora au Mtwara, mikoa yenye malaria nyingi zaidi. Aliyeumwa na mbu huko kwa kawaida hupata homa siku 10 hadi 15 baadaye, akiwa ameshasahau safari. Homa ikianza, apimwe malaria siku hiyo, na amweleze mhudumu wa zahanati alikotoka na tarehe aliyorudi.