Kabla Gari Halijafika Busia

Hiace ya kubebea samaki ikiibwa Dunga, Kisumu, saa saba usiku, barabara ikiwa wazi, inaweza kuwa Busia kabla ya saa kumi. Ikishika njia ya kusini kupitia Ahero, Kisii na Migori, jua litaikuta Isebania. Kenya, Uganda na Tanzania zote huendesha magari upande wa kushoto, na katika nchi zote tatu gari la kazi ni lilelile: Toyota iliyotumika Japani, usukani kulia. Likishavuka mpaka, linabadilishwa pleti na kupotea kati ya wenzake. Mwizi asiyetaka kuvuka nalo atalikata vipande, kwa sababu mlango wa Hiace au taa ya Probox haikosi mnunuzi.

Anayeibiwa anabaki na mkopo wa sacco ambao gari lilikuwa likiulipa. Mama anayengoja mbuta wake soko la Kibuye hana samaki, na fundi bomba aliyeacha vifaa ndani hana kazi kesho. Kwa mji uliokaa kati ya mipaka miwili, naamini ulinzi wenye thamani kubwa ni ule unaolizuia gari kutoka pale lilipoegeshwa. Wengi wetu hufanya kinyume: pesa zote huenda kwenye traka ya kulifuatilia likishaibwa, na ufunguo unaachwa vile ulivyokuja.

Ufunguo huo unastahili kuangaliwa vizuri. Magari mengi yaliyoundwa tangu mwisho wa miaka ya 1990 huwa na chipu ndani ya plastiki ya ufunguo, pengine katika kichupa cha kioo chenye ukubwa wa punje ya mchele. Haina betri. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna koili ya waya inayotoa uga wa sumaku unaobadilika takriban mara 125,000 kwa sekunde, na uga huo huzalisha ndani ya chipu umeme kidogo wa kutosha kuiamsha. Kompyuta ya gari huitumia chipu nambari ya kubahatisha. Chipu huichanganya nambari hiyo na siri iliyofichwa ndani yake, kisha hurudisha jibu. Kompyuta nayo inaijua siri na imefanya hesabu ileile. Majibu yakilingana, injini inaruhusiwa kuwaka. Yasipolingana, stata itazunguka bure, au injini itashika kwa sekunde moja au mbili na kuzima.

Siri yenyewe haitamkwi hewani hata mara moja. Anayenasa mazungumzo ya leo anapata jibu la swali la leo tu, na kesho gari litauliza swali jingine. Umoja wa Ulaya ulilazimisha kifaa hiki kwenye magari madogo mapya mwaka 1998. Wachumi Jan van Ours na Ben Vollaard, walipochunguza takwimu za Uholanzi za miaka ya 1995 hadi 2008, walikuta kimepunguza uwezekano wa gari kuibwa kwa kiwango kinachokaribia nusu, hata baada ya kuwahesabu wezi waliohamia kwenye magari ya zamani yasiyo na chipu.

Hapo ndipo penye shida yetu. Magari ya kazi yanayofika kwetu mara nyingi ni ya daraja la chini, na mengine yana ufunguo wa chuma mtupu. Kujua la kwako liko upande gani ni rahisi: mwambie mchonga funguo akuchongee nakala ya chuma tu, isiyo na chipu, kisha jaribu kuwasha gari. Likiwaka na kuendelea kunguruma, halina ulinzi huo. Iharibu nakala hiyo palepale.

Hata wenye chipu wasilale fofofo. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA, Marekani, waliivunja chipu iliyotumika katika mamilioni ya funguo. Siri yake ilikuwa na biti 40, yaani machaguo trilioni moja na ushei, hesabu ambayo kompyuta zao ziliimaliza. Mwaka 2020 wenzao wa Leuven na Birmingham walionyesha kwamba siri ndefu zaidi, ya biti 80, haikuwa imetungwa vizuri katika baadhi ya Toyota, Kia na Hyundai. Fumbo lilikuwa gumu, lakini watengenezaji walikuwa wamechagua siri zinazokisika.

Kwa hiyo narudi kwenye kazi ya mikono: swichi ya siri, ambayo wenye magari huiita katauti. Hii haina hesabu, na kompyuta ya mwizi haiwezi kuizungumzisha. Ila ni lazima ikate kinachofaa. Injini ya petroli huwashwa na cheche, kwa hiyo ukikata umeme wa cheche au wa pampu ya mafuta, gari halingurumi. Dizeli haina cheche. Hewa ndani ya silinda hukandamizwa karibu mara 20, joto lake likapita nyuzi 500, na mafuta yakiingia hujiwasha yenyewe. Katika dizeli za zamani kinachohitaji umeme ni vali ndogo kwenye pampu inayofungua njia ya mafuta, na hapo ndipo pa kukata.

Kaa kando ya fundi wa umeme akifungua plastiki chini ya usukani, utaona tofauti ya kazi nzuri na mbaya. Asiyejali huvuta waya mwekundu unaong'aa kati ya nyaya zilizozeeka, akaufunga kwa tepu mpya, na mwizi mwenye tochi ataufuata hadi kwenye swichi. Fundi mwangalifu hutafuta waya wa rangi na unene uleule, huuchomea kwa risasi, huuingiza ndani ya fungu la kiwandani na kulizungushia tepu ya kitambaa iliyochakaa kama ya mwanzo. Kwa gari la samaki kuna jambo la ziada: maji ya barafu huteremka sakafuni, shaba ya maungio huota kutu ya kijani, na gari huzima lenyewe kwenye mlima wa Maseno. Swichi ikae juu, pakavu. Na izuie kuwasha tu, isikate injini gari likiwa mwendoni, kwa sababu breki na usukani hupoteza msaada wa injini na kuwa vizito ghafla.

Wavuvi wa Ziwa Victoria wana njia fupi kuliko zote. Boti hulala ufuoni, lakini injini hubebwa begani hadi nyumbani. Mwenye gari la petroli anaweza kuiga kwa kuchomoa rilei ya pampu ya mafuta na kulala nayo chumbani.

Sasa traka. Kifaa hiki husikiliza setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi, hulinganisha muda ambao mawimbi yametumia njiani, na kukokotoa mahali kilipo. Kisha hutuma habari hiyo kupitia laini ya simu. Mawimbi ya setilaiti yakifika ardhini ni hafifu mno, hayafikii hata sehemu moja ya bilioni ya sehemu moja ya milioni ya wati, kwa hiyo gari likiingizwa chini ya mabati traka huwa kipofu. Laini nayo, karibu na mpaka, hudaka mtandao wa nchi jirani. Kama haikuruhusiwa kufanya kazi nje ya Kenya, inanyamaza wakati unaihitaji kuliko wakati wote. Muulize anayekuuzia kuhusu hilo kabla hujalipa.

Mwaka 2015 polisi wa Uingereza walifuata traka ya Lexus iliyoibwa kwao: Ufaransa, Oman, Mombasa, Nairobi, hadi ghala moja Kampala, ambako magari mengine ya wizi pia yalikutwa. Traka ilifanya kazi yake kikamilifu, na gari lilikuwa limezunguka nusu ya dunia.

Likishapatikana, swali ni la nani, na jibu liko kwenye chasisi. Hiace huandikwa herufi kama KDH au TRH, Probox NCP, zikifuatwa na nambari. Mwizi huisaga. Lakini nambari ilipogongwa, chuma cha chini yake kilibanwa, na mpangilio wa fuwele zake ukavurugika hadi chini ya kina cha herufi zenyewe. Mtaalamu akisugua sehemu hiyo kwa asidi ya hidrokloriki yenye kloridi ya shaba, chuma kilichovurugika huliwa tofauti na jirani yake, na nambari iliyofutwa huanza kujitokeza. Kama mwizi alikata kipande chote na kuchomelea kingine, asidi haitairudisha nambari, ila mshono wa kuchomelea utaonekana. Nambari hiyohiyo ndiyo polisi huitafuta katika hifadhidata ya Interpol ya magari yaliyoibwa. Ipige picha leo na uiweke mbali na gari, kwa sababu ofisa wa Busia akipigiwa simu usiku, pleti uliyoizoea huenda haipo tena kwenye gari.