Je, wajua? Baridi ya naitrojeni na diski za breki za Mombasa

Mtu akikwambia atazigandisha diski za breki za gari lako kwa naitrojeni ya majimaji, azirudishe baada ya siku mbili, na zikudumie mara tatu ya kawaida, muulize kwanza: diski hizo ni za chuma gani? Jibu lake litakuonyesha kama anaijua kazi yake. Huduma hiyo inauzwa Marekani na Uingereza kwa miaka mingi sasa, na Mombasa ni bandari. Linalouzwa ng'ambo halikawii kufika Kilindini.

Naiandikia diski kwa kuwa haithaminiwi. Watu husifu injini, husifu rimu, nao hawajapata kuinama wakaitazama sahani ile ya chuma inayowazuia wasitumbukie baharini pale mteremko wa kivuko cha Likoni. Matatu ya tani 3 inayokwenda kilomita 80 kwa saa, ikisimama, imegeuza mwendo wake kuwa joto la kilojuli 740 hivi, linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji. Karibu lote huingia kwenye diski na ngoma za magurudumu kwa sekunde chache, kisha makanga anagonga bodi, gari linaondoka, na kazi inaanza upya kwenye steji ya mbele.

Kinachoiwezesha diski kustahimili joto hilo ni chuma cha kusubu. Kina kaboni ya asilimia 3 hadi 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa ndani kama vipande vyembamba vya grafaiti, ile ile ya penseli. Grafaiti husambaza joto upesi na hunyamazisha mtetemo. Chuma hicho ni cha bei nafuu, na kwa kazi hii sioni cha kukishinda kwa magari yetu ya kila siku.

Sasa baridi yenyewe. Naitrojeni huchemka ikiwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Chuma hakitoswi humo kwa pupa, maana kingepasuka. Hupozwa polepole kwa saa nyingi, kikakaa kwenye baridi hiyo kiasi cha siku nzima, kikarudishwa polepole, kisha kikapashwa moto wa nyuzi 150 hivi. Maajabu yake yanaonekana kwenye pua, yaani feleji, hasa ile ya kutengenezea zana. Pua ikiwaka nyekundu, atomi zake hujipanga kwa mpango uitwao ostenaiti, ambao ni laini. Izamishe ghafla kwenye mafuta, na mpango huo hugeuka martensaiti, ambayo ni ngumu sana. Lakini pua yenye kaboni nyingi haimalizi kugeuka. Ikifika nyuzi 27 za hewa ya Mombasa bado haijapoa vya kutosha, na sehemu ya ostenaiti hubaki imenaswa ndani, laini vile vile. Baridi ya naitrojeni huimalizia kazi hiyo iliyokatika njiani. Ikipashwa tena, chembe ndogo mno za kabaidi huota katikati yake, na makali hukawia kulika.

Mwaka 1982 Randall Barron wa chuo cha Louisiana Tech alichapisha matokeo ya kuzijaribu metali mbalimbali kwa njia hiyo. Pua za zana zilinufaika sana. Chuma kisichoshika kutu kilipata faida ndogo. Chuma cha kusubu hakikupata kitu. Sababu yake inaeleweka: diski husubiwa kwenye mchanga na kupoa taratibu, na ostenaiti yake hugeuka perlaiti ikiwa ingali kwenye moto wa nyuzi 700 hivi. Baridi ikija, haikuti cha kugeuza. Haki ni kusema pia kwamba mwaka 2011 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walichapisha majaribio ya diski za chuma hicho hicho na wakaona uchakavu umepungua. Mjadala basi bado uko wazi huko maabara.

Hapa kisiwani, hata hivyo, diski nyingi hazingoji kuisha kwa kusuguliwa. Chumvi huziwahi. Gari linaloegeshwa Kizingo au Ndia Kuu usiku mmoja huamka na diski za rangi ya hudhurungi. Kutu ya juu huondoka ukikanyaga breki mara chache. Ile ya ndani ya mianya ya kupitishia hewa haiondoki, huvimba, ikaziba njia, na diski ikakosa kupoa. Nasi twazidisha. Bomba la maji la Mzima lilijengwa miaka ya 1950 na mji umeshalizidi mbali, kwa hiyo magari yanaoshwa kwa maji ya visima, na visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi. Tunalipa pesa kumwagia chuma sumu yake. Baridi ya nyuzi 196 haizuii kutu hata kidogo.

Lingine ni mkono wa fundi. Usukani ukitetemeka, gereji husema diski imepinda. Mara nyingi haikupinda: unene wake umetofautiana, na tofauti ya milimita 0.02 yatosha kuhisiwa mguuni. Chanzo huwa ni nati zilizokazwa kwa nguvu zisizo sawa, au kutu iliyoachwa kwenye habu diski mpya ikapachikwa juu yake. Kisha diski hupelekwa kwenye lethi, ikakerezwa kwa kisu butu, ikarudi na mistari na wembamba usioruhusiwa. Baada ya hapo inatupwa kwenye chuma chakavu ikiwa haijafika nusu ya umri wake.

Kwa maoni yangu, baridi ile inamstahili yule mkereza. Kisu chake ni pua ya zana, ndiyo iliyofaidika kwenye majaribio ya Barron. Mji huu si mgeni wa chuma wala wa ukerezaji: mwanajiografia Al-Idrisi, katika kitabu chake cha 1154, aliwataja watu wake kuwa wachimbaji wa chuma, na nguzo za roshani za Mji wa Kale zilikerezwa kwa mkono. Naitrojeni nayo si kitu cha ajabu nchini. Kituo cha jenetiki za mifugo kule Kabete kinaitumia kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe. Chuo cha ufundi chenye tangi moja na subira kingeweza kuwagandishia wakereza wa jua kali visu, keekee na patasi zao kwa zamu.

 

Wewe mwenye gari, osha magurudumu kwa maji matamu ukitoka ufukweni. Ukienda gereji, mwambie fundi asafishe habu, akaze nati kwa kipimo, na apime unene wa diski mbele yako. Unene wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe. Ukipungua hapo, nunua nyingine.